Ngozi ya Mbuzi wa Kiapo

Nkwabi alikuwa mwamba ngoma, na kama ungemuuliza nani anayewamba vizuri zaidi kati ya Mwakitolyo na Kahama, angekutazama kana kwamba umeuliza jua linachomoza wapi. Ngozi ya ng'ombe, ya mbuzi, ya kenge, zote zilipita mikononi mwake. Alizitia maji, akazivuta, zikatii. "Ngozi ni kama mkwe mkorofi," alikuwa akisema. "Ilainishe kwanza, kisha ivute polepole. Mwisho itakusikiliza tu."

Na kila aliposifiwa, alimtia babu yake katika sifa hizo. Babu yake ndiye aliyekuwa mchunaji wa mtemi zamani za misafara, na Nkwabi aliapa kwamba mzee huyo hakuwahi kutoboa ngozi hata moja maisha yake yote. Watu walikwisha kuisikia habari hiyo mpaka wakaizoea kama kelele za njiwa.

Kwa hiyo Mzee Mabula alipomtumia habari kwamba ana ngozi iliyomshinda, Nkwabi alicheka, akachukua kisu na mkoba wake, akaenda.

Hakucheka alipoambiwa ni ngozi gani.

Mwaka huo mvua zilikata mapema. Malambo yalikauka yakabaki matope, kisha matope nayo yakapasuka. Kisima kimoja tu kilibaki na maji, kile cha Jiwe Jeusi, na watu walikichotea kwa zamu, wa vijijini na wafanyabiashara wa mjini waliopita na ng'ombe wao. Ndipo akaja Mzungu mmoja mtafuta dhahabu, ambaye watu walimwita Bwana Nyundo kwa sababu hakuonekana bila nyundo mkononi, akigonga kila jiwe kama anayebisha hodi. Wenzake wengi walikuwa wamekimbilia upande wa Geita. Yeye aliona mawe ya hapa yanamtosha. Akachimba mashimo, akapata kidogo, akataka maji ya kuoshea mawe yake. Akapigilia vigingi kukizunguka kisima cha Jiwe Jeusi na kusema hakikuwa na mwenyewe.

Wazee walikwenda kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, mjini Shinyanga. Bwana Shauri aliwasikiliza, kisha akauliza kama wana maandishi. Walimjibu kwamba wanayo. Akasema mwezi ukiandama atakuja mwenyewe kufanya baraza kisimani, na maandishi hayo yaletwe yakisomeka. Yasiposomeka, vigingi vitabaki.

Maandishi yalikuwepo kweli. Zamani, watu wa pwani walipofika na misafara yao, wakiwa na kiu na homa, mtemi aliwapa ruhusa ya kunywa katika kisima hicho na kukaa. Wakala kiapo kwa mbuzi mmoja. Nyama ililiwa na pande zote mbili, na maneno ya kiapo yakaandikwa mara mbili kwa herufi za Kiarabu: mara moja kwenye karatasi, mara moja kwenye ngozi ya mbuzi yuleyule. Karatasi walipewa wageni, ngozi wakabaki nayo wenyeji. Mwandishi alikuwa babu yake Mwamvua, mwanamke wa Ngokolo kule mjini. Mchunaji wa mbuzi alikuwa babu yake Nkwabi.

Karatasi iliwekwa kwa heshima ndani ya kasha la mninga. Siku wazee wa mjini, wajukuu wa wageni wale, walipolifungua kasha, walikuta kifuniko, bawaba, na vumbi. Mchwa walikuwa wamekula kiapo chote bila kuapa.

Ikabaki ngozi. Nayo ilikaa kwa ukoo wa Mabula, juu ya uchaga, palepale juu ya mafiga ya jikoni, pamoja na mbegu za mtama. Hapo ndipo Msukuma anapoweka kitu ambacho wajukuu watakihitaji. Moshi unafukuza wadudu. Kwa mbegu, ni hekima. Kwa ngozi, ilikuwa hekima nusu: hakuna mdudu aliyeigusa, lakini ilikuwa imejikunja ikawa nyeusi na ngumu kama kigingi kilichoungua. Mabula alijaribu kuifungua kwa kidole, ukingo ukalia *ka!* akaogopa, akaiacha.

Nkwabi aliigeuza mikononi. Akainusa. Akaigonga kwa ukucha.

"Hii ni kazi ndogo," akasema. "Nipeni beseni la maji. Ilale humo mpaka kesho, asubuhi itakuwa laini kama sikio la ndama."

Beseni lilikuwa limekwisha kujazwa, na maji yale yalikuwa ya thamani siku hizo, wakati Mwamvua alipoingia uani. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ndefu. Alikuwa ametembea kutoka Ngokolo tangu alfajiri, na nyuma yake alifuata Mwalimu Majaliwa wa chuo cha Kurani, akihema.

"Hodi hapa!" akaita, kisha akaona beseni. "Haa! Wewe mtani, unataka kufanya nini?"

"Mwangaluka, Mama Shaaban," Nkwabi akasema. "Nataka kuoga."

"Oga ukipenda, ingawa sijasikia Msukuma aliyeoga kabla ya masika. Lakini ngozi hiyo usiitie maji!"

"Nyinyi watu wa pwani mnajua maji ya chumvi tu. Ngozi kavu hailainiki bila kulowa. Nimewamba ngoma tangu wewe hujaolewa."

"Na mimi nimefuta ubao wa chuo tangu wewe unachunga mbuzi. Nipe kipande cha ngozi. Chochote, kibovu kabisa."

Nkwabi, kwa kumdharau kidogo, akamtupia ukingo wa ngozi kavu ya mbuzi kutoka mkobani. Mwamvua akachukua masizi kwenye sufuria ya mke wa Mabula, akachanganya na gundi ya mgunga aliyokuwa amekuja nayo, akasaga. Majaliwa akampa kalamu ya tete. Akaandika neno moja kwenye ngozi ile, akaipepea jua likaikausha, kisha akaitumbukiza kwenye bakuli la maji.

Wote waliinama kutazama. Neno lilikaa kidogo, kama linafikiri. Halafu likaanza kutoa moshi mweusi ndani ya maji, likanyauka, likaondoka. Ikabaki ngozi tupu, laini kweli, laini kama sikio la ndama.

"Huu ndio wino wa babu yangu," Mwamvua akasema. "Masizi na gundi. Sisi tunauandika kwenye sahani, tunaosha kwa maji, tunampa mgonjwa anywe. Umeumbwa ili utoke. Sasa kunywa hilo bakuli, mtani, labda utapata elimu."

Watu walicheka mpaka mbwa wakabweka. Nkwabi hakucheka. Alilitazama lile beseni kubwa, akaona jinsi alivyokuwa karibu kumwaga kisima kizima kwa mkono wake mwenyewe.

"Basi ifungueni nyinyi," akasema, akaondoka bila kuaga.

Lakini hawakuweza, na yeye alijua hawawezi. Wino haukutaka maji, na ngozi haikutaka kitu kingine. Mwezi ulikuwa unazidi kula ukingo wake kila siku, na vigingi vya Bwana Nyundo vilikuwa palepale.

Asubuhi moja Nkwabi aliichukua ngoma ya mtu ili aipeleke, akaipiga kidogo kuisikiliza. Ikalia *bu*, kama mtu aliyeshiba. Ngozi ilikuwa imelegea. Akapandwa na hasira.

"Zipora! Nani amemwaga maji kwenye ngoma hii?"

Mkewe alikuwa anapepeta michembe, vipande vya viazi vikavu. "Hakuna aliyemwaga maji. Maji yenyewe yako wapi ya kumwagia ngoma? Niliisogeza pembeni tu, nipate nafasi ya kuanika."

"Uliisogeza wapi?"

"Hapo penye mitungi."

Nkwabi akasimama na ngoma mkononi. Mitungi ya maji ilikuwa imekaa kwenye mchanga uliolowa, baridi, ikitoa jasho ubavuni. Ngoma haikuguswa na tone hata moja. Ilikaa tu na jirani mwenye maji, ikalegea. Kila mpiga ngoma anajua jambo hilo, analaani umande, anawasha moto ngoma ikaze. Maisha yake yote Nkwabi alikuwa anapigana na unyevu kama adui. Haikuwahi kumjia kwamba adui huyo anaweza kuajiriwa.

"Zipora," akasema, "wewe ni mwamba ngoma kuliko mimi."

"Nilijua," mkewe akasema. "Sasa sogea, umenikingia jua."

Mchana huohuo alikuwa kwa Mabula. Safari hii hakujisifu, ila aliamuru. Aliomba mtungi mkubwa wa pombe, ule wa mdomo mpana. Chini akaweka mchanga uliolowa, juu ya mchanga akapanga vijiti, juu ya vijiti akatandika mkeka mkavu, na juu ya mkeka akailaza ngozi. Akafunika. Hakuna tone lililoruhusiwa kugusa ngozi. Ilikuwa ivute pumzi ya maji tu.

Habari zilifika Ngokolo, na Mwamvua akarudi na Majaliwa na wazee wawili wa mjini. Hawakuja kusifu. Mmoja wa wazee hao alisema waziwazi, "Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Na huyu ni mwamba ngoma kweli, si wa methali. Tutajuaje hataivuta upande wa ukoo wake?"

Watu wa Mabula wakanung'unika. Mmoja akajibu kwamba waliolisha mchwa karatasi yao wasifundishe watu kulinda ngozi. Maneno yakaanza kuota pembe.

"Nyamazeni," Nkwabi akasema. "Kaeni hapa wote. Kuleni hapa, tazameni mtungi. Siku ya kuivuta, sitaivuta mimi."

Wakakaa. Mke wa Mabula aliwapikia matobolwa ya viazi vitamu, na watu wa mjini walikula huku wakisema hayafai, wakaomba mengine. Kila asubuhi na jioni Nkwabi alifunua mtungi, akaitoa ngozi, akaipa hewa isije ikaota ukungu, akairudisha. Mwanzoni haikubadilika. Kisha ukingo ukaacha kulia *ka*. Kisha ukakubali kuinuka upana wa kidole. Mwamvua alikuwa anachungulia ndani kwa kila upana uliofunguka, na alipoona herufi ya kwanza alishika mdomo.

"Mkono wake," akasema. "Babu aliuvuta mkia wa herufi hivi. Na mimi nauvuta hivi. Nilipigwa chuoni kwa ajili ya mkia huu."

Siku ngozi ilipokubali kulala wazi, Nkwabi alikuwa ameshatengeneza kiunzi cha miti minne, mfano wa kitanda kisicho na kamba. Kwa ngoma angeitoboa kingo na kuipigilia. Hapa hakutoboa. Alikunja ukingo hapa na pale juu ya kijiwe kidogo, akakikaza humo kwa uzi wa katani, na kamba zikatoka hapo mpaka kwenye miti. Kisha akaita watu wanne: Mabula na mwenzake upande huu, Mwamvua na mzee wa methali upande ule.

"Shikeni kamba. Nikisema vuta, kila mtu avute kama anavyovuta mwenzake wa mbele. Atakayevutia kwake ataichana, na jina lake nitalitangaza kwa ngoma mpaka Kahama."

"Na wewe?" akauliza yule mzee.

"Mimi nitatazama."

Wakavuta. Wakaacha. Wakavuta tena. Jasho lilimtoka yule mzee wa methali kuliko wote, macho yake yakiwa kwa Mabula, na Mabula macho yake kwake, kila mmoja akiogopa kuzidi. Ngozi ikanyooka katikati yao, pole, pande zote sawa, na makunjo yakaondoka moja moja kama usingizi usoni mwa mtu. Katikati palikuwa peupe, mistari safi. Kwenye kingo mbili, ambako moshi uliingia kwa ncha za msokoto, palikuwa peusi.

Na chini, karibu na mstari wa mwisho, palikuwa na tundu.

Tundu la kisu. Lilishonwa kwa mshipa, mishono midogo iliyopishana kama meno ya mbwa. Mwandishi alilikuta hapo alipofika, akaupindisha mstari wake ukalizunguka, akaendelea.

Kila mtu alilitazama tundu, kisha kila mtu akamtazama Nkwabi.

"Mtani," Mwamvua akasema kwa upole mwingi mno, "hebu nikumbushe. Nani alichuna mbuzi huyu?"

Mabula aliketi chini kwa kucheka. Nkwabi alisogea, akainama juu ya tundu lile muda mrefu. Mishono ile aliijua. Alifundishwa na baba yake, ambaye alifundishwa na mzee aliyeitoboa ngozi hii. Alipoinuka, uso wake ulikuwa unang'aa.

"Alitoboa," akasema. "Lakini tazameni alivyoshona! Tumevuta watu wanne, na mshono haukusogea. Nani mwingine angeshona hivyo?"

Ilipokauka kwenye kiunzi, walianza kuondoa masizi ya juu kwa ugali wa mtama uliolala, mkavu, uliofikichwa. Waliuviringisha taratibu kwa ncha za vidole na kuupeperusha kwa unyoya wa kuku. Herufi nyingi zilijitokeza. Lakini ukingoni, neno moja lilibaki hafifu chini ya moshi mgumu. Lilikuwa neno la muhimu: mahali palipotaja kisima. Mwenye kujua herufi aliweza kulisoma akilikazia macho. Asiyetaka kulisoma angeweza kusema halipo.

Mwalimu Majaliwa akatoa kalamu. "Nalitia nguvu kidogo tu," akasema. "Siongezi kitu. Neno ni lilelile, ninapita juu ya njia yake."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali, wa pande zote mbili. Mwezi ulikuwa umebaki kama ukucha. Hata Mwamvua hakupinga.

"Hapana," Nkwabi akasema.

"Ndugu yangu," Majaliwa akasema, "kisima kikipotea kwa neno moja?"

"Ngoma ya zamani ukiitia kiraka cha ngozi mpya, inalia sauti mbili. Mtu yeyote anasikia. Hata mtoto. Ngozi hii sasa ina sauti moja. Ukiigusa, itakuwa ya babu yake Mama Shaaban na ya kwako. Mimi sikuwazuia watu hawa wanne wasivutie kwao ili wewe uje uvute kwa kalamu."

Majaliwa alimtazama Mwamvua. Mwamvua aliutazama mkia wa herufi.

"Weka kalamu, Mwalimu," akasema. "Babu aliandika yake. Likipotea, lipotee likiwa lake."

Mwezi ukaandama. Baraza likakaa kisimani, watu wakajaa kutoka kila upande, na ngozi ikaletwa kwenye kiunzi chake, ikibebwa na watu wanne kama kiti cha mtemi. Bwana Shauri aliketi chini ya turubai. Bwana Nyundo alisimama pembeni na nyundo yake. Bwana Shauri alikuwa amekuja na karani kutoka Tabora, mtu asiyemjua yeyote pale, ili asome yeye.

Karani akasoma kwa sauti. "Kisima hiki cha Jiwe Jeusi, mpaka mkondo wa mto mkavu, ni cha mwenyeji na cha mgeni. Hapana wa kukiuza. Hapana wa kukifunga. Na atakayewanyima watu maji yake, huyu mbuzi atamdai." Kwenye lile neno lililofifia alikuwa amekaza macho, akasogeza ngozi juani, ndipo akalisoma. Lilikuwa neno *kisima*.

Bwana Nyundo akasema kwa Kiswahili chake cha kokoto, "Uongo. Wameandika juzi. Wametia moshi."

Umati ukavuma. Bwana Shauri akanyanyua mkono, akamwambia karani achunguze. Karani akatoa kioo cha kukuzia, akainamia neno lile hafifu. Nkwabi alisikia moyo wake unapiga *bu, bu*, kama ngoma ya penye mitungi. Majaliwa, kando yake, alikuwa ameficha mikono yake ndani ya kanzu kana kwamba ilikuwa imefanya kosa.

Karani aliuliza ngozi ilisafishwaje, akaomba ule ugali mkavu. Akasugua ukingo wa neno kidogo sana. Punje zikawa nyeusi, na chini yake mstari wa wino ukazidi kuonekana.

"Bwana," akasema, "moshi uko juu, wino uko chini. Kila mahali ninapotazama. Hakuna mahali ambapo wino umepita juu ya moshi, hata nukta moja. Aliyeandika aliandika kwanza, kisha ukaja moshi wa miaka mingi. Ningekuta nukta moja tu juu ya moshi, ningesema yote ni uongo."

Majaliwa akatoa pumzi ndefu. "Nusura niwauze," akasema kwa sauti, mbele ya watu wote, wala hakujali.

"Moshi ni kazi ya siku moja," Bwana Nyundo akasema.

"Mwambieni akafukize ngozi yake siku hiyo moja," Nkwabi akajibu, "kisha alete tulinganishe. Mzee Mabula atamkopesha jiko."

Hata Bwana Shauri alificha mdomo kwa mkono. Kisha akaamuru vigingi ving'olewe. Havikusubiri askari. Wanawake waliokuwa na mitungi kichwani waliitua, wakaving'oa wenyewe, wakaenda navyo kuwa kuni.

Watu wa pande mbili walikubaliana ngozi isirudi kwenye moshi wala isiingie kasha la mjini. Nkwabi aliichongea kibweta cha mninga, mviringo kama ngoma, chenye kifuniko kinachobana, na ikawa inakaa mwaka kwa Mabula, mwaka Ngokolo. Kila inapohamishwa hutandazwa mbele ya watu, ikasomwa, ikapewa hewa. Mwamvua ndiye msomaji, na hakuna anayemkatiza.

Anapofika mstari wa mwisho, sauti yake inapunguza mwendo, kwa sababu hapo macho hulazimika kulizunguka tundu. Na kila mwaka, kabla hajamaliza, Nkwabi humsukuma mgeni aliye karibu naye, akamwonyesha kwa kidole.

"Umeona pale? Babu yangu alitoboa pale. Sasa tazama mshono."

Haonekani tena kukumbuka kwamba aliwahi kusema kinyume. Na hakuna anayemkumbusha, isipokuwa Mwamvua, naye ni mtani wake.